Miche Arobaini Mikononi mwa Mwashi

Machi 2

Mke wangu ameondoka kwa basi la asubuhi kwenda kukaa na binti yetu anayekaribia kujifungua. Ameniachia nyumba, funguo tisa, na kitalu chenye miche arobaini ya nyanya. Tangu alipofunga geti inanitazama kama vibarua wanaosubiri kuona msimamizi mpya anajua nini.

Makubaliano niyaandike hapa, nisije nikaambiwa niliota. Kwa miaka sita nimemwomba nusu ya uwanja wa nyuma nijenge chumba kimoja, kidogo tu, na kwa miaka sita jibu lake limekuwa ni kuinama na kuendelea kumwagilia. Jana, akiwa amekalia begi ili zipu ifunge, alisema, "Baba watoto, nikirudi nikakuta nyanya zangu zinazaa, nusu ya uwanja ni yako, ujenge hata mnara. Nikikuta zimekufa, neno 'msingi' nisilisikie tena humu ndani mpaka nazikwa."

Nimekubali. Nimefanya kazi ya uashi miaka thelathini na minne. Nilianza kwa kubeba maji ya kuchanganyia udongo, hakuna aliyenishika mkono, nikafika kujenga shule, benki na nyumba ambazo mpaka leo hazina ufa. Mwaka jana magoti yalinigomea, na tangu Januari kijana wangu ndiye anayesimamia saiti. Sijaweka tofali juu ya tofali kwa miezi miwili. Mtu kama mimi atashindwa na nyanya?

Machi 3

Nimemwagilia.

Machi 4

Nimemwagilia. Miche ni thelathini na tisa. Mmoja nimeukanyaga. Sitamwambia.

Machi 7

Mke wangu kaacha maagizo kwamba mvua zikikaribia nihamishie miche kwenye matuta. Nimeyaangalia matuta yake. Ni marundo ya udongo. Hayana kona, hayana usawa, na pembeni yanamomonyoka. Kibarua akiniletea kazi ya namna ile saiti namrudisha kwao siku hiyo hiyo.

Nitajenga vitanda vya maana.

Machi 11

Vitanda viwili vimekamilika. Kila kimoja kina urefu wa futi kumi na tano na upana wa futi nne, kozi tatu, yaani safu tatu za matofali, plasta ndani na nje. Chini nimemwaga sakafu ya zege ya inchi tatu, nikaisugua mpaka ikang'aa, kwa sababu nimeona kwa macho yangu maji ya mke wangu yakizama ardhini na kupotea. Hasara tupu. Kwangu hakuna tone litakalopotea.

Jirani yetu alichungulia juu ya ukuta. Ni mjane, anafuga bata, na mtaa mzima unamwita Mama Bata. Ni rafiki wa mke wangu, kwa hiyo ananiita shemeji na kunisema kama shemeji.

"Shemeji, unazika nani?"

"Hivi ni vitanda vya nyanya."

"Ahaa. Vya kulala mmoja mmoja au wawili wawili?"

Bata wake mmoja aliguta kana kwamba ndiye aliyeulizwa.

Machi 14

Nimejaza udongo na samadi, nimevuta kamba, nimepanda. Miche ishirini kitanda cha kwanza, kumi na tisa cha pili. Nafasi ya futi moja na nusu kila upande, hakuna mmoja aliyetoka kwenye mstari. Ukisimama kwenye kona ukafumba jicho moja, unaona mche mmoja tu. Nimesimama hapo muda mrefu.

Machi 17

Jua. Nimemwagilia.

Machi 18

Jua. Mke wangu kapiga simu. "Umeshahamisha?" Nimemwambia nimehamisha. "Kwenye matuta?" Nimemwambia ziko mahali pazuri kuliko matuta. Akanyamaza. Huyu mwanamke akinyamaza, mimi huwa naanza kutafuta kosa langu liko wapi.

Machi 21

Mvua ya kwanza! Nimekaa kibarazani nikiangalia maji yakiingia kwenye vitanda vyangu bila kuvuja hata kidogo. Ubora huu hauonekani siku hizi.

Machi 23

Mvua haijakata. Leo alfajiri nilisikia kelele nyuma ya nyumba kama harusi. Nikatoka na mwavuli.

Bata saba wa Mama Bata walikuwa wanaogelea kwenye kitanda cha kwanza. Si kutembea, ni kuogelea, wakifuatana kwa mstari, wakifika mwisho wanageuka na kurudi. Kitanda cha pili kilikuwa na wawili tu, nadhani wazazi, wametulia. Udongo wangu ulikuwa umekuwa uji. Miche mingine ilikuwa imeinama majini, mingine ilikuwa inaelea, na mmoja ulikuwa mdomoni mwa bata.

"Shemeji!" Mama Bata alikuwa ukutani, kajifunika mfuko wa plastiki kichwani. "Mungu akubariki. Nilikuwa nawaza nitawachimbia bwawa lini."

"Toa bata wako!"

"Wakitoka hapo waende wapi? Kwangu ni kukavu."

Niliingia mwenyewe. Maji yalinifika magotini, magoti yaleyale. Niliwafukuza wale saba wakahamia kwenye kitanda cha pili, nikafuata, wakarudi cha kwanza. Tulifanya hivyo mara kadhaa, na Mama Bata alinihesabia. Mwishowe alirusha konzi ya mahindi upande wake wa ukuta, wakaruka wote kwa pamoja wakaniacha nimesimama kwenye uji na mwavuli uliogeuka nje ndani.

"Maji hayatoki," nilisema. Nilikuwa najisemea.

"Yatatokea wapi, shemeji? Si umeyajengea tangi?"

Hapo ndipo ilipoingia kichwani. Miaka thelathini na minne nimezuia maji yasiingie na yasitoke. Matangi, mabwawa, visima, vyoo. Hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuniambia, fundi, nijengee kitu kinachovuja.

Machi 24

Nimechukua nyundo kubwa na tindo. Kwanza nilihamisha miche iliyobaki kwenye ndoo, masufuria, na makarai yote ya mke wangu. Kisha nikasukuma udongo pembeni nikaanza kuvunja sakafu.

Haivunjiki.

Nimegonga asubuhi nzima na kupata tundu la ukubwa wa kikombe. Zege nililolimwaga nililipa mchanga safi na saruji ya kutosha, nikalimwagilia siku tatu lishike. Mchana nilikaa juu ya ukingo nikapumua nikasema kwa sauti, "Fundi aliyemwaga sakafu hii hana huruma." Mama Bata akajibu kutoka kwake, "Anaishi mtaa huu huu, nikuitie?"

Machi 25

Matundu kumi na moja kitanda cha kwanza, tisa cha pili. Mikono haifungi, kalamu nimeishika kama mwiko. Maji yametoka yote kwa mlio wa mtu anayemaliza soda. Sijawahi kufurahi hivyo kuona kazi yangu inavuja.

Machi 26

Mke wangu kapiga simu.

"Nyanya zinaendeleaje?"

"Vizuri sana."

"Zimeshajua kuogelea?"

Nikaangalia ukutani. Kichwa cha Mama Bata kilishuka haraka. Kumbe nina mpelelezi. Nilikuwa na kosa moja la kuficha, sasa nina jirani mwenye simu.

"Zimebaki ngapi, baba watoto?"

"Naendelea kuhesabu."

Machi 29

Nimeirudisha miche vitandani, nikahesabu. Zilizosimama ni ishirini na tatu.

Aprili 4

Binti yangu kajifungua mtoto wa kike, kilo tatu na robo, wote wazima. Nimemwambia mke wangu ampe pole na pongezi, na nilitaka kusema na mengine ila nikajikuta napenga kamasi. Yeye akasema, "Basi usilie kwenye simu, nenda kamwagilie." Nikamkumbusha kwamba mvua inanyesha. "Basi nenda kaziangalie tu."

Nikaenda kuziangalia. Nikaziambia.

Aprili 11

Kuna jambo sikulijua. Miaka yote nilidhani mke wangu anaamka mapema kukimbia mkoromo wangu. Leo nilikuwa nje kabla jua halijachomoza vizuri. Udongo umelowa, unanuka vizuri kuliko hata saruji mpya. Kila jani lina tone moja kwenye ncha. Ukigusa shina la nyanya, vidole vinabaki na harufu kali ya kijani ambayo sabuni haiitoi, nami sikuitoa. Nilikunywa chai nikiwa nimesimama kati ya vitanda na vidole vyangu puani. Mtu akinikuta hivyo nitasema nina mafua.

Mche wa tatu, safu ya pili, umeongeza inchi nne kwa wiki moja. Mche wa nane ni mvivu.

Aprili 16

Viwavi. Nimeokota sitini na wawili kwa mkono. Wananenepa kwa jasho langu.

Aprili 17

Viwavi themanini. Niliomba ushauri kwa Mama Bata, jambo ambalo sikudhani nitaliandika. Alisema ninyunyizie majivu. Nikanyunyizia. Mvua ikayaosha. Akasema ninyunyizie maji ya pilipili. Nikanyunyizia, upepo ukageuka, nikashinda ndani macho yamevimba. Kutoka ukutani: "Viwavi wamekufa?" Nikamwambia bado, ila mimi niko karibu.

Aprili 18

"Shemeji," alisema, "nimeshindwa na ushauri. Chukua bata."

Bata wawili wameingia, wale wazazi waliotulia. Wamepita kati ya safu kama wakaguzi wa benki. Wamekula viwavi wote, na konokono ambao sikujua wapo. Pia wamekula mchicha wote wa mke wangu uliokuwa nusu ya pili ya uwanja. Ule haukuwa kwenye makubaliano.

Aprili 24

Nyanya zinaanza kulala. Zinahitaji nguzo. Mke wangu hutumia vijiti. Nimetumia mirunda ya kujengea, nikafunga kwa waya, nikaweka na mihimili ya mshazari. Nimepanda juu mwenyewe kujaribu. Inanibeba.

Kijana wangu alipita jioni kuleta unga. Alizunguka mara mbili mikono mgongoni, kama ninavyofanya mimi.

"Baba, hii ni nyanya au ghorofa?"

"Ni nguzo."

"Na kibali cha manispaa umechukua?"

Wamecheka, yeye na yule wa ukutani. Niliuliza habari za saiti. Akasema zinaendelea vizuri tu. Hakuniuliza ushauri wowote. Kuendelea vizuri bila mimi ni haki yao, ila wangeweza kuficha kidogo.

Mei 1

Ua la kwanza, la njano, dogo kama kifungo cha shati la mtoto. Mche wa nane, yule mvivu. Nimemwomba radhi.

Mei 8

Kuna madoa meusi kwenye majani ya chini. Mvua ya wiki nzima, jua hatulijui. Mama Bata kasema ni baridi tu. Sidhani. Nimeona ukuta ukianza kuoza kwa unyevu, huanza hivi hivi, chini, kidogo, unajidanganya kwamba ni vumbi.

Mei 9

Si baridi. Jana miche miwili, leo sita. Jani linaanza na doa, doa linakuwa pete, kesho yake jani zima limejikunja kama karatasi iliyoungua.

Nilimpigia mke wangu. Ningeweza kunyamaza, nusu ya uwanja iko mezani, na mtu mwenye akili haonyeshi upande wa pili ufa wa nyumba yake. Lakini nilipiga. Nilimsomea hali ya kila mche, mmoja mmoja, na yeye alisikiliza bila kunyamaza ule unyamazo wake.

"Kata majani yote yenye doa, uyachome," alisema. "Usimwagie maji juu. Na mvua isizipige."

"Mvua isizipige? Niiambie nini?"

"Wewe ndiye fundi."

Mei 10

Nimekata majani. Mengine yalikuwa na doa moja tu, nikasita, nikakata. Hii ndiyo mikono ambayo imebomoa kuta za watu wakilia mbele yangu.

Kisha nikapanda kwenye nguzo zangu, zile za ghorofa, nikafunga turubai kubwa la saiti kutoka kitanda hadi kitanda, na mteremko mzuri wa maji. Nguzo hazikutikisika.

"Shemeji umeanza kuezeka kabla ya kuta!" alisema Mama Bata. Halafu, bila kuitwa, akazunguka kwa geti kwa mara ya kwanza, akanishikia kamba upande wa pili mpaka tulipomaliza. Mvua ilimnyeshea yote. Nilimkopesha shati langu kavu na kumpa chai. Alisema anampelekea mke wangu habari kila siku kwa sababu mke wangu humpigia yeye kwanza, na swali lake la kwanza huwa si nyanya. Huwa ni kama nimekula.

Jioni hiyo nilikula sahani mbili.

Mei 15

Madoa yamesimama. Nimepoteza minne. Zimebaki kumi na tisa.

Mei 19

Kumi na tisa.

Mei 22

Kijana wangu alipiga simu asubuhi. "Baba, njoo saiti kidogo. Kuna ngazi ya mzunguko imetushinda, hesabu ya vidato haikai."

Hiyo ndiyo simu niliyoisubiri tangu Januari. Nikamwambia siwezi, leo nafunga matawi, kesho kutwa labda. Nimekata simu, nimefunga matawi saba, ndipo nikasimama na waya mkononi na kujiuliza nimesema nini. Nikampigia, akanisomea vipimo, nikampa hesabu kwa mdomo: urefu wote ugawe kwa vidato kumi na saba, si kumi na sita. Ikakaa. Nikarudi kwenye matawi.

Mei 30

Nyanya ya kwanza imeiva. Nimeikata nusu kwa nusu na Mama Bata, tumeila kwa chumvi tukiwa tumesimama pande mbili za ukuta. Bata walipewa vikonyo.

Juni 6

Ishirini na nane zimeiva. Mama Bata kapata kumi. Kijana wangu kapata kumi, kaniuliza kama zina waranti.

Juni 12

Mke wangu amerudi. Na binti, na mtoto, na mabegi sita. Mkwe wetu kahamishiwa kazi mbali, hana nyumba huko bado, kwa hiyo binti na mtoto watakaa kwetu mwaka mzima labda zaidi. Mtoto kanikamata kidole chenye harufu ya nyanya, akakipeleka mdomoni. Anajua kitu kizuri.

Baadaye mke wangu alikwenda nyuma. Nilimfuata hatua chache. Alipita kwenye matofali, akachungulia matundu ya sakafu, akatikisa nguzo, akainua turubai. Alishika nyanya moja bila kuichuma. Alikaa hapo kama mimi nilivyokuwa nakaa.

"Umeshinda," alisema. "Zinazaa. Nusu ni yako."

Hapo nilitakiwa kufurahi.

"Na uanze kujenga upesi," akaongeza, "kwa sababu binti yako na mtoto hawawezi kulala sebuleni mwaka mzima. Mimi nachukua nusu hii."

"Ipi?"

"Hii yenye nyanya. Wewe chukua ile iliyokuwa na mchicha wangu. Si tayari umeshaisafisha?"

Juni 14

Nimepima udongo wa upande wangu. Bado umelowa sana kwa msingi.

Juni 15

Bado umelowa.

Juni 16

"Miaka sita unaniimbia msingi," alisema mke wangu, mtoto mgongoni, "leo udongo umelowa?" Alikuwa anamwagilia. Anamwagilia mchana, jua kali, na anamwaga juu ya majani. Nikamwambia majani hayapendi hivyo. Akasema, "Fundi, angalia upande wako."

Nimekaa na kamba upande wangu. Ni mtu gani hupata alichokiomba kwa miaka sita akajiona kaibiwa?

Juni 18

Tumeanza. Kijana wangu kaja na vibarua wawili. Chumba cha futi kumi na mbili kwa kumi na mbili, kinachoishia hasa pale kamba inapogawa uwanja. Nilipochanganya udongo wa kwanza na mwiko ukalia kwenye karai, magoti yangu yalisahau kabisa kwamba ni mabovu. Hilo sitalikana. Binti yangu alikaa kibarazani akinyonyesha na kuniuliza dirisha litakuwa wapi. Nikamwambia upande wa nyanya, apate upepo.

Juni 25

Msingi umeisha. Kuta ziko kozi ya sita. Leo kijana wangu alipita na futi kamba, akapima, akapima tena, akanitazama.

"Baba. Huu ukuta wa dirishani umeingia ndani. Chumba ni futi kumi na mbili kwa tisa. Kuna futi tatu kati ya ukuta na kamba ya Mama."

"Nimekosea kipimo."

"Wewe?"

"Uzee."

"Baba, wewe ukosee futi tatu? Ulinifukuza saiti kwa nusu inchi."

"Basi nifukuze," nilimwambia, "ila ukuta huu hauvunjwi."

Alitaka kuendelea, halafu akaangalia zile futi tatu. Nilikuwa nimeshapasua udongo wake vizuri asubuhi, nimechanganya samadi, na nimeurundika, kwa mkono, bila kamba, kuwa tuta moja refu lililomomonyoka pembeni. Akaenda kuwaambia vibarua wapumzike.

Mke wangu alitoka jikoni na beseni la miche. Sijui ameiotesha lini, wala wapi, na Mama Bata hakuniambia kitu. Aliitazama ile nafasi chini ya dirisha, akapiga hesabu kwa macho, akapiga magoti mwishoni mwa tuta na kuanza kuchimba mashimo. Hakuniangalia. Aliweka miche saba kwa kukadiria tu, mmoja huku, mwingine kule.

Nilivumilia mpaka nikashindwa.

"Zinaenea nane," nilisema.

Akasogea kunipisha.